Uzi: Lamu inakua kasi kuliko Nairobi? Basi mbona mtaani kwetu wamebaki paka?

#1 Mwana wa Langoni
Asalaam aleikum wanabaraza. Tangu alasiri nimeinamia majedwali ya sensa hadi kahawa imepoa. Mwaka 2009 kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 101,539. Mwaka 2019 tukawa 143,920. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 42. Nairobi, inayokimbiliwa na kila mwenye cheti mkononi, ilitoka 3,138,369 ikafika 4,397,073, asilimia 40. Nyeri haikufika hata asilimia 10. Kenya nzima ilitoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, kama asilimia 23.

Sasa niambieni, hao watu 42,000 wamejificha wapi? Nilipokuwa mdogo, kichochoro chetu, hapa Langoni mjini Lamu, hukipiti usiku bila kukanyaga mguu wa mtu aliyekaa barazani. Siku hizi nikitoka kuswali isha nasalimiwa na paka. Ama sensa yaongopa, ama mimi sioni.

#2 Kahawa Tungu
Huoni. Panda boti hadi Mokowe, kule bara, shika matatu ya Mpeketoni, hesabu mabati mapya kuanzia Hindi mpaka Mkunumbi, kisha urudi hapa. Wewe waihesabu kaunti kutoka dirishani kwako.

#3 Hesabu Mbovu
Asilimia 42 kwa miaka kumi ni asilimia 4.2 kila mwaka! Kufika 2029 tutalala kwa zamu.

#4 Ticha wa Faza
Hesabu Mbovu, jina limekuandama. Nyongeza hujizaa yenyewe: mtoto wa 2010 na mgeni wa 2011 wote wamo kwenye msingi wa 2012, kwa hivyo huwezi kugawa kwa kumi ukaenda zako. Ukipiga sawasawa, Lamu ilikua kama asilimia 3.5 kwa mwaka, Kenya nzima kama 2.1, Nyeri chini kidogo ya 1. Ukitaka kujua watu wataongezeka maradufu baada ya muda gani, gawa 70 kwa hiyo kasi. Lamu ni miaka 20. Nyeri inakaribia 80, yaani mjukuu ndiye atakayeona.

Na tuangalie ukubwa wa chungu. Nairobi iliongeza watu milioni moja na robo, sisi elfu 42. Hao wetu ukiwashusha stendi ya Nairobi asubuhi hakuna atakayegeuza shingo. Chungu kidogo, kikombe kimoja cha maji chaonekana.

#5 Hesabu Mbovu
Shukran ticha. Ndiyo maana hisabati ulinipa 31.

#6 Mzee wa Kiunga
Wanangu, 2009 ni juzi. Anzeni mwaka 1969. Lamu yote ilihesabiwa watu 22,401. Mwaka 1979 wakawa 42,299. Karibu maradufu kwa miaka kumi, na tangu hapo hatujaona tena kasi kama hiyo.

Sababu naijua kwa sababu nilikuwa ndani yake. Vita vya shifta, wale waasi wa kujitenga wa miaka ya sitini, vilipoingia, wazee wangu walitoka kijijini kwetu usiku kwa mashua. Tulichukua mbuzi wawili, na mmoja wao ni wa kukunia nazi. Wengine waliishia Amu, yaani mji wa Lamu, wengine Malindi, wengine Mombasa. Sensa ya 1969 ilipopita, pwani yote ile ya kaskazini ilikuta visima na makaburi. Kwa hivyo hiyo 22,401 msiiite idadi ya Lamu. Ni idadi ya waliobaki. Ukianza kuhesabu mtu akiwa ameinama, akisimama utasema amerefuka.

#7 Shamba la Ziwa
Mzee, shikamoo. Maneno yako ni kweli ila umeacha nusu. Miaka hiyo hiyo ya sabini ndipo serikali ilipofungua mradi wa makao wa Ziwa Kenyatta, hapa Mpeketoni, baadaye na msaada wa Wajerumani. Babangu alikuja na jembe na godoro. Mwaka 1969 alihesabiwa Nyeri. Mwaka 1979 alihesabiwa Lamu, akiwa na mke na mtoto wa mwaka mmoja ambaye ndiye mimi. Mtu yule yule, jedwali limemtoa safu hii likamtia ile, na akaongezewa wawili.

Na hao wa vijiji vya kaskazini, wengi hawajarudi hadi leo. Nyongeza ya watu karibu 20,000 haiwezi kuwa ni ya waliorudi peke yao.

#8 Mzee wa Kiunga
Marahaba. Ziwa Mkunguya, kijana. Hilo jina lingine lilikuja na matrekta. Lakini sikatai, nasema msingi ulikuwa chini.

#9 Shamba la Ziwa
Mkunguya, nimekubali. Hata sisi nyumbani mama aliita hivyo akiwa na hasira nalo, mwaka lilipokauka.

#10 Kahawa Tungu
Tunarudi pale pale. Mwenyeji anapungua, mgeni anaongezeka, jedwali linasema "Lamu inakua". Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuja na jembe lao kabisa.

#11 Shamba la Ziwa
Kahawa, mimi nimezaliwa hapa, nimeoa hapa, wanangu watatu wanasema "yambo" la Kiamu kuliko wako. Miaka arobaini na zaidi bado niko siku ya ngapi?

#12 Binti Shela
Jamani, hili la mgeni na mwenyeji tulishaliona likileta nini, tuliweke chini.

Halafu mnanishangaza. Wanaume sita mmeandika, hakuna hata mmoja aliyetaja uzazi. Watu mwadhani huota kama mikoko? Uchunguzi wa mwaka 1977–78 ulikuta mwanamke wa Kenya anazaa kwa wastani watoto 8. Ule wa 2022 ulikuta 3.4. Lakini huo ni wastani, na wastani ni shuka fupi: ukivuta kichwani miguu iko nje. Mwaka huo huo wa 2022, Mandera ilikuwa 7.7 na Nairobi 2.5. Nchi moja, bendera moja.

Nyanyangu alizaa kumi akazika watatu. Mamangu alizaa sita. Mimi wawili na nimefunga duka. Nyumba ile ile, chumba kile kile.

#13 Mwana wa Langoni
Bi Shela, hapo umenichanganya zaidi. Kama Nairobi wanazaa kidogo hivyo, asilimia 40 imetoka wapi?

#14 Binti Shela
Imeshuka kwenye basi. Nairobi inaletewa watu wazima waliokwisha kulelewa kwa gharama ya mwingine. Vihiga inazaa na kusomesha, kisha Nairobi inavuna. Vihiga yenyewe ilitoka 554,622 mwaka 2009 hadi 590,013 mwaka 2019, asilimia 6 tu, na huko si kwamba wameacha kuzaa. Nyeri wamepunguza uzazi na pia wamehama, wakaingia Kiambu na Nairobi na, kama alivyosema jirani yangu wa ziwani, kwetu.

#15 Kaskazi Njema
Nadharia nzuri, ila yavunjikia Mandera. Mwaka 2009 Mandera ilikuwa na watu 1,025,756. Mwaka 2019 ni 867,457. Kina mama wanazaa saba saba, watu wanapungua laki na nusu. Wameliwa?

#16 Karani wa Zamani
Hapo hamsomi uzazi wala kuhama, mnasoma kalamu. Matokeo ya 2009 yalipotangazwa mwezi wa Agosti 2010, serikali iliyafuta ya wilaya nane za kaskazini, zikiwemo za Mandera, ikisema hayaendani na vizazi na vifo. Wenyeji wakaenda mahakamani kuyatetea. Kwa hivyo "kupungua" kwa Mandera ni tofauti ya hesabu mbili zinazogombana, na kila upande una yake.

Na msisahau kwa nini watu wanagombana. Ugatuzi ulipoanza, fomula ya kwanza ya kugawia kaunti pesa iliweka idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Kichwa ni shilingi. Mwaka 2020 Seneti ilikaa majuma kwa majuma ikivutana juu ya fomula ya tatu, wenye watu wengi huku, wenye ardhi kubwa na watu wachache kule. Sisi Lamu tulikuwa wa wachache.

#17 Kaskazi Njema
Kwa hivyo hata yetu ya 143,920 huenda imepikwa?

#18 Karani wa Zamani
Ya kwetu nilihesabu mimi, sehemu ya mjini. Nikueleze ilivyokuwa. Sensa inauliza usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti ulilala wapi, haiulizi kwenu ni wapi. Tulipewa tableti badala ya makaratasi, na chaki ya kuandika namba mlangoni. Nyumba ya kwanza tu, bi mkubwa mmoja akanishika mkono: "Huu mlango wa mbambakofi alichonga babu wa babangu, usinitilie chaki yako. Andika ukutani." Nikaandika ukutani. Akanipa kahawa, kisha akaanza kunitajia watoto. Nimeingiza majina saba ndipo nikauliza, "Wote walilala hapa juzi?" Akasema, "La, wanne wako Mombasa, mmoja Maskati. Lakini ni wangu, kwa nini uwatoe?" Kumfahamisha kwamba simtolei watoto kulichukua nusu saa, na sidhani alinisamehe.

Kwenye nyumba kama ile ndipo utaona kwa nini mleta uzi anaona paka. Saba wa kutajwa, wawili wa kulala.

#19 Nahodha Mkavu
Mimi nililala chomboni, nimetia nanga kisiwani Manda. Nilihesabiwa kama nani, samaki?

#20 Karani wa Zamani
Walikuwepo makarani wa usiku kwa wasafiri, wageni wa hoteli na wanaolala nje. Ukiwa hukuonekana basi wewe ndiye kosa la sensa.

#21 Nahodha Mkavu
Punda wangu alihesabiwa. Mimi la.

#22 Ticha wa Faza
Hilo si mzaha, mifugo iliulizwa mwaka ule, punda wakiwemo. Ila usijali, mwezi wa Agosti ndio bora kutuhesabu: kusi bado ni kali, wavuvi wengi wako nyumbani, skuli zimefungwa. Lau sensa ingefanywa kaskazi ikivuma, nusu ya wanaume wa Faza wangehesabiwa Kiunga au Kiwayu.

Mwana wa Langoni, jibu lako liko hapa na limepita watu. Ile 143,920 imegawika hivi: Lamu Magharibi 121,662, Lamu Mashariki 22,258. Yaani Pate, Faza, Siyu, Kizingitini, Ndau, Kiunga, Basuba, sote pamoja ni elfu 22 na kidogo. Sawasawa na Lamu nzima ya 1969. Kaunti moja ina Nairobi yake na Vihiga yake ndani kwa ndani.

#23 Mwana wa Langoni
Hapo ticha umenigonga. Lakini Langoni iko Magharibi.

#24 Malindi Moto
Habari zenu jirani zetu wa kaskazini. Mna bahati, nyie mnagombania watu, sisi Malindi tunawakimbiza. Waitaliano walipopungua hoteli zikafungwa, vijana wakatoka. Wilaya ya Malindi ilikuwa na watu 281,552 mwaka 1999, na mwaka 2019 mji una 119,859. Zaidi ya nusu wameyeyuka!

#25 Karani wa Zamani
Malindi Moto, umepima embe kwa mizani ukalinganisha na shina. Ile 281,552 ni *wilaya*, na mashamba na Magarini yote ndani. Ile 119,859 ni *mji* peke yake. Tena wilaya ya Malindi ilichomolewa kutoka Kilifi miaka ya tisini, kisha katiba ya 2010 ikairudisha kwenye kaunti ya Kilifi. Ukitaka kulinganisha, jumlisha: Kilifi na Malindi mwaka 1999 ni 825,855. Kaunti ya Kilifi mwaka 2009 ni 1,109,735, mwaka 2019 ni 1,453,787. Hakuna aliyeyeyuka.

#26 Malindi Moto
Haya, nimelowa. Lakini mnisikize kuhusu mji. Nilikuwa mhudumu wa baa hotelini, ufuoni. Mwaka 2012 msimu wa Krismasi tulilala kwa zamu. Baada ya 2014 nchi za watu zilipotoa ilani za usafiri, nilibaki nafuta glasi safi. Wenzangu kumi na wawili wa zamu ile, wanne ndio wako Malindi leo. Watano wako Mtwapa, wawili Kilifi mjini, mmoja Katari. Angalia mwenyewe: mji wa Kilifi 2019 ni 122,899, umetupita. Na sisi ndio wenye jina, Vasco da Gama aliyefika 1498 akatukuta tayari mji.

#27 Kaskazi Njema
Kilifi wamepata chuo kikuu, bwana. Wanafunzi wakiondoka utawaona walivyo.

#28 Mzee wa Kiunga
Malindi Moto, usijivunie sana 1498. Karne moja baadaye sheikhe wenu alihamia Mombasa pamoja na Wareno, Waoromo wakawabana, na Malindi ikawa vichaka kwa muda mrefu. Ni Sultani Majid aliyeifufua mwaka 1861, mashamba ya mtama na ufuta, na waliolima si wageni wa hoteli, ni watumwa walioletwa kwa nguvu. Miji yetu hii hujaa na kumwagika. Nendeni magofu ya Takwa, kule Manda, mkaone msikiti na nguzo yake, na hakuna wa kuadhini.

#29 Binti Shela
Takwa wanasema maji yaliingia chumvi. Na hilo ndilo ninaloliogopa mimi. Mji wa Amu unakunywa maji ya chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Vilima ni vile vile tangu nyanyangu. Mna raha ya kuhesabu vichwa, hamhesabu ndoo. Kisima cha jirani yangu mwaka juzi maji yalikuwa ya kupikia chai bila sukari, leo ukinywa walamba midomo.

#30 Hesabu Mbovu
Mimi naona wote mmekosa. Ni bandari ya Lamu! Mradi ulizinduliwa Machi 2012 mbele ya marais, watu wakaanza kuja kununua ploti Hindi. Nyongeza yote ni 2009 hadi 2019, imeingia humo humo.

#31 Ticha wa Faza
Afadhali leo umeleta hoja. Lakini gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, sensa imekwisha pita. Na angalia kasi kabla ya bandari: kutoka 72,686 mwaka 1999 hadi 101,539 mwaka 2009, hiyo ni asilimia 3.3 kwa mwaka. Pamoja na bandari ni 3.5. Ukiiondoa bandari, sufuria bado inachemka.

#32 Shamba la Ziwa
Na kati yake kuna Juni 2014. Usiku ule wa mashambulizi ya Mpeketoni sitausimulia hapa. Nitasema tu kwamba asubuhi zake malori yalipakia vitanda na kuku, na jirani zangu watatu waliondoka. Mmoja alirudi baada ya mwaka, akakuta mkorosho wake umezaa. Wawili shamba walikodisha, na waliokodi wana watoto wanne kila mmoja. Kwa hivyo wameondoka watu, na hesabu imepanda.

#33 Kahawa Tungu
Pole sana kwa hayo, jirani. Lile neno langu la jembe nalirudisha.

#34 Shamba la Ziwa
Jembe nimelipokea, lina kazi.

#35 Nahodha Mkavu
Mmesahau Maweni, kule Manda, wachonga mawe. Zamani nilikuwa navusha watu sita kwa siku. Sasa asubuhi chombo chajaa wanafunzi, magunia ya unga, na mama mmoja hubeba televisheni kila mwisho wa mwezi, sijui yapelekwa wapi na kurudi wapi. Hao hawakuhama kutoka Langoni wala hawakuzaliwa bandarini. Walifuata jiwe.

#36 Mwana wa Langoni
Nashukuru wote. Nimepata vita vya shifta, mradi wa ziwa, uzazi, basi, kalamu, kusi, bandari, mawe na punda. Jana usiku nikaona nifanye sensa yangu. Baada ya isha nimetembea kichochoro chetu mwanzo hadi mwisho na tochi ya simu. Milango 19. Yenye taa, 8. Miwili ni nyumba za Wazungu, huja Disemba. Mitatu wenyewe wamejenga mitaa ya Kashmir au Wiyoni, hapa hapa Lamu, kwa sababu urithi haukugawika. Mmoja ni wa Maskati. Iliyobaki ina kufuli. Mlango wa nne kutoka msikitini, kufuli imeota kutu kabisa. Hiyo ndiyo Lamu niijuayo, jedwali liseme litakavyo.

#37 Bibi Tatu
Wewe mtoto wa nani wa kumulika tochi milango ya watu usiku? Huo mlango wa nne ni kwetu. Tumo tisa, na mjukuu wa kumi amezaliwa Jumatatu. Hiyo kufuli ni ya mbele tu, ufunguo ulipotea, twatumia mlango wa uani.

#38 Karani wa Zamani
😂😂 Mwana wa Langoni, rudi ukaandike upya. Na chaki utie ukutani.